Mama Sindano Anajibu: Sumu Inayouzwa Saluni

Jambo zenu. Kwa wageni wa ukurasa huu: jina nililopewa na mama yangu ni lingine. Hili la Sindano nilipewa na watoto wa avenue yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, ambao wakiniona narudi kazini na blauzi nyeupe walikuwa wanakimbilia nyuma ya nyumba. Nilikuwa muuguzi miaka 31, na 14 ya mwisho niliifanya katika wodi ya magonjwa ya neva. Si daktari. Nikifika mahali pa daktari nitakwambia nenda kwa daktari, na usinikasirikie.

Kiangazi kimeingia, ndoa zimeanza, na barua za mwezi huu karibu zote zimebeba neno moja: Botox.

*Mama Sindano, mimi nauza nguo, nina miaka 49. Mwezi ujao wakwe wanaleta mahari ya binti yangu wa kwanza. Saluni ninakosukiwa wananiambia kuna dada anakuja kila Jumamosi na sindano za Botox, dola 120, unarudi nyumbani na paji la msichana. Mdogo wangu anasema hiyo ni sumu ya nyoka. Ni kweli? Na nikichomwa Ijumaa, Jumamosi nitakuwa tayari?* — Mama Mkwe, Kampemba

Mwambie mdogo wako nyoka hana kosa hapa. Sumu ni sumu kweli, tena hakuna inayojulikana iliyo kali kuliko hii, lakini inatoka kwa bakteria, Clostridium botulinum, anayekaa udongoni na kustawi pasipo hewa: ndani ya kopo, katikati ya nyama iliyohifadhiwa vibaya. Waliomkamata kwanza ni Wabelgiji, katika msiba wao wenyewe. Desemba 1895, kijijini Ellezelles, wapiga muziki 34 walipiga kwenye mazishi, kisha wakakaa kula paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Baadaye wakaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikaanguka, chakula kikakataa kushuka. Watatu walikufa. Profesa Émile van Ermengem wa Ghent alichunguza lile paja na maiti, akampata mwenye kosa. Neno botulinum lenyewe linatokana na soseji kwa Kilatini, maana Wajerumani walikuwa wamezikana kwa ajili ya soseji tangu zamani kabla ya hapo. Shuleni tulikaririshwa mito ya Ubelgiji yote. Paja la Ellezelles hawakututajia.

Sasa inavyofanya kazi. Msuli haujikunji wenyewe. Neva inaupa amri kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Sumu hii inaingia kwenye ncha ya neva na kukata protini inayosaidia umwagaji huo. Amri haifiki, msuli unalala. Ukilala msuli wa kupumua, tunakuzika. Ukilala ule mdogo kati ya nyusi, unaojikunja kila ukikutana na mtu mwenye deni lako, ngozi ya juu yake inatulia. Kinachotenganisha hayo mawili ni kipimo na mahali, basi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni nzuri au mbaya, muulize huyo dada wa Jumamosi kuhusu chupa. Chupa halisi ukiiangalia unadhani ni tupu: dawa ni utando mkavu chini kabisa, haujai hata ncha ya ukucha. Inatunzwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, na mbele yako inachanganywa na maji ya chumvi ya hospitali. Ile ya Botox yenyewe ndani haina hewa, kwa hiyo sindano ikitoboa kifuniko, chupa inayavuta yale maji yenyewe. Isipovuta, inatupwa. Ikishachanganywa inatumika ndani ya saa 24, si Jumamosi hii na Jumamosi ijayo. Katika mji ambao kuran, yaani umeme, ikikatika usiku tunatoa samaki wote kwenye frigo tukawakaanga kabla hakujakucha, mimi nataka kujua chupa yake ililala wapi. Na akifika na bomba lililokwisha kujazwa, linatoka kwenye mkoba pamoja na rangi ya midomo, vaa viatu uende.

Muulize pia uniti ngapi. Pale kati ya nyusi kipimo cha Botox ni uniti 20, zimegawanywa sehemu 5. Uniti za Dysport, chapa nyingine ya sumu hii, si uniti za Botox. Anayekuambia ni sawasawa hajui anachokishika. Muulize yeye ni nani: daktari? muuguzi chini ya daktari? Au alijifunza kwenye simu?

Wewe ni mfanyabiashara, huenda Istanbul unaijua kuliko mimi. Mwanzoni mwa 2023 watu zaidi ya 60 walipata botulizimu, ugonjwa uleule wa Ellezelles, baada ya kuchomwa sindano hizi tumboni nchini Uturuki ili wapunguze uzito. Wengine walirudi nao hadi Ujerumani. Huko kulikuwa na hospitali zenye mashine za kupumulia na dawa ya kupinga sumu. Hiyo dawa, kwa miaka yangu yote 31, sijaishika mkononi.

Ukiwa una mimba au unanyonyesha (miaka 49, lakini nimeona mambo), subiri. Ukiwa na ugonjwa wa misuli kuchoka, usiguse. Ukiwa unachomwa gentamisini, ambayo hapa kwetu inamiminwa kama maji kwa kila homa, sema kabla, kwa sababu inaweza kuiongezea sumu hii nguvu.

Ijumaa kwa Jumamosi: hapana. Inaanza kuonekana siku ya tatu au ya nne, inakamilika kama wiki ya pili, inaisha baada ya miezi mitatu au minne. Mimi si adui wa urembo, nywele zangu hizi mnazozisifia kanisani ni za kupaka. Lakini fikiria na jambo jingine, mama. Wakwe watataja bei ya kwanza, na wote watageuka kuangalia uso wako. Mama wa binti asiyeweza kukunja nyusi siku ya mahari anapoteza angalau mbuzi wawili.

*Jambo Mama. Mke wangu upande wa kushoto wa uso unarukaruka. Ulianza chini ya jicho, sasa jicho linafunga lenyewe na pembe ya mdomo inavutwa. Sokoni mwanaume mmoja alimfuata hadi kituo cha basi, akidhani amemkonyeza. Mama yangu anasema ni bulozi, uchawi. Kanisani wanasema ni roho, tumefunga siku saba. Nifanye nini?* — Papa wa Ruashi

Papa, anayekujibu ni mkonyezaji mwenzake.

Langu lilinianza nikiwa na miaka 52, kushoto vilevile. Bibi yangu alitufundisha kope ya juu ikicheza unapata mgeni, ya chini ikicheza utalia. Ya chini ilicheza miaka miwili. Machozi yangekuwa mto Lufira. Katika kwaya nilisimama safu ya pili, uso kwa uso na mwongozaji, na nilimkonyeza kila ubeti. Mke wake, alto mwenzangu tangu ujana, akahama benchi bila kuaga. Na mimi nilikuwa muuguzi wa neva! Nikajificha na leso kama wengine.

Mara nyingi kinachotokea ni hiki: mshipa mdogo wa damu nyuma ya sikio, pale neva ya uso inapotoka kwenye ubongo, unaikandamiza neva na kuigonga kila moyo ukipiga. Neva inachubuka, inaanza kutuma amri ambazo hakuna aliyeziomba. Ndiyo maana ni upande mmoja tu, na ndiyo maana hata usingizini haliachi. Mwangalie usiku utaona.

Na hapa ndipo watu wanashangaa: sindano hii ilikuwa ya wagonjwa kabla haijawa ya warembo. Daktari wa macho Alan Scott wa San Francisco ndiye aliyeanza kuwachoma watu wenye makengeza, miaka ya 1970. Marekani iliipa ruhusa kwa makengeza na kwa macho yanayofumba ovyo mwaka 1989. Mikunjo ilisubiri hadi 2002. Njia ya kufika huko ilifunguliwa na mgonjwa mmoja wa Vancouver, aliyekuwa akichomwa kwa ajili ya macho, akamlalamikia daktari Jean Carruthers kwa nini safari hii hakumchoma na kati ya nyusi, maana akichomwa pale anaonekana mtu asiye na shida duniani. Carruthers alikuwa na mume, Alastair, daktari wa ngozi. Mengine mnayajua, mnayaona kwenye televisheni.

Mimi nilichomwa Johannesburg, kwa binti yangu. Sindano nyembamba kama ya watoto, vitobo vitano kulizunguka jicho na kimoja shavuni, kila kimoja kinauma kama siafu. Nikarudi, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya nne asubuhi nilikuwa napiga mswaki nikahisi kuna kitu kimepungua chumbani, kama jenereta ya jirani imezimwa. Nikakaa mbele ya kioo nikilingojea jicho. Halikuruka. Nililia, kwa hiyo bibi alisema kweli.

Nisikufiche na upande wa pili. Safari ya kwanza dawa ilisambaa kidogo, kope ikaanguka nusu kwa wiki tatu. Ili nisome kitabu cha nyimbo ilibidi niinue kidevu juu, na jirani akasema tangu niende Afrika Kusini nimekuwa na majivuno. Iliinuka yenyewe. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu ikishakaa, unangoja tu. Halafu inaisha na kurudiwa kila miezi mitatu, minne, na nauli haipungui. Sasa hivi ninapoandika niko mwezi wa tano, limeanza tena kucheza; mkiniona njiani msidhani.

Mpeleke mkeo kwa daktari wa neva, ulizia hospitali ya Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu pa kuanzia. Watataka picha ya kichwa, kwa sababu mara chache kinachokandamiza neva ni uvimbe. Upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva upo pia, si hapa barazani kwangu pa kuuamua. Kama ingekuwa macho yote mawili, ni ugonjwa mwingine, ingawa sindano ni hiyohiyo. Kope inayochezacheza siku chache kwa mtu asiyelala, anayekunywa chai kama mlinzi wa usiku, si ugonjwa. Na uso ukianguka ghafla, mdomo umeenda upande, mkono hauinuki, usiniandikie barua. Tafuta teksi.

Maombi endeleeni nayo, hayagombani na daktari. Ila mwambie mama yako kwa heshima kwamba mwenye bulozi huyu anaishi nyuma ya sikio, na hana jirani wa kusingiziwa.

*Nina miaka 22. Kwenye simu wanasema ukianza Botox mapema hutazeeka. Nianze?* — Mwanafunzi

Hapana. Nunua kofia kabla ya jua la Oktoba. Na yale mafuta ya kujichubua unayoyaficha chini ya godoro, usiniambie huna, yatakufanya ngozi iwe karatasi kabla mikunjo haijapata nafasi.

*Mama, mimi ni kambisti, nabadilisha pesa. Viganja vyangu vinatoka jasho tangu shule ya msingi, karatasi ya mtihani ilikuwa inachanika. Sasa faranga zinalowana, na dola ikilowa au ikiwa na alama kidogo unajua hakuna anayeipokea. Mteja mmoja alihesabu pesa akajifuta mikono kwenye suruali mbele yangu. Nimesikia kuna sindano.* — Wa kona ya posta

Mdogo wangu, ile suruali imeniuma hata mimi.

Sindano ipo, na ni hiyohiyo: tezi za jasho nazo zinapokea amri kwa asetilikolini. Marekani waliiruhusu kwa jasho la makwapa mwaka 2004. Kwenye viganja madaktari wanaifanya pia, ila kiganja si kwapa. Kinachomwa vitobo vingi, na nyama ya kiganja ina hisia kali. Niliwahi kumshika mkono mwanaume mzima, dereva wa lori la Kasumbalesa, akaita mama yake kwa majina yote. Halafu misuli ya kidole gumba iko palepale chini. Ikipata dawa, kwa wiki kadhaa huwezi kubana vizuri. Wewe unakula kwa kidole gumba. Mafungu ya faranga utayahesabu na nini?

Anza na kilicho rahisi. Mwombe mfamasia maji ya kupaka ya aluminiamu kloridi, asilimia 20. Paka usiku wakati wa kulala, viganja vikiwa vikavu kabisa, la sivyo vitawaka, asubuhi nawa. Fanya hivyo kila usiku kwanza, kisha vikitulia mara mbili kwa wiki. Kuna na mashine ya kupitisha umeme mdogo kwenye beseni la maji ukiwa umetumbukiza mikono. Inasaidia wengi, ila usijitengenezee ya kienyeji, nakufahamu. Kama jasho lingekuwa limeanza juzi, na unakonda, na moyo unakimbia, ningekutuma kupima tezi ya shingo. La tangu utotoni halina siri hiyo.

*Mama Sindano, mama yetu alipata AVC, kiharusi, mwaka jana. Anaongea, anatembea kwa fimbo, lakini mkono wa kulia umejifunga ngumi haufunguki. Kucha zinaingia kwenye kiganja, kuna kidonda na harufu. Tukijaribu kufungua anapiga kelele. Dada yetu aliye Liège, Ubelgiji, anasema kule wanachoma Botox wagonjwa kama huyu. Si ni dawa ya urembo? Anatudanganya?* — Wasichana watatu wa Katuba

Dada yenu anasema kweli. Na wanangu, kati ya barua zote hizi ni yenu ninayotamani ningeijibu nikiwa nimeketi chumbani kwenu.

Baada ya AVC ubongo unapoteza breki. Misuli ya kufunga vidole ina nguvu kuliko ya kufungua, basi inashinda, usiku na mchana. Sindano ikichomwa kwenye misuli ya mkono wa mbele, chini ya kiwiko, inailegeza kwa miezi mitatu hivi. Haimrudishii nguvu, asije mtu akawaahidi atashika tena kijiko. Inachofanya ni kufungua mlango, na katika hiyo miezi mitatu mtu wa kinesi, yaani wa mazoezi ya viungo, anyooshe mkono kila siku. Bila kinesi mmenunua chupa bure, na mkono unahitaji uniti nyingi kuliko uso, chupa zaidi ya moja. Kabla ya kuuza chochote, muulizeni daktari kuhusu vidonge vya baklofeni. Ni rahisi zaidi, vinalegeza, ingawa vinaleta usingizi, na haviachwi ghafla. Muulizeni pia kama viungo vya vidole bado vinapinda au vimekwisha kukauka, kwa sababu kilichokauka sindano hii haikifungui.

Lakini mkono wa mama uoshwe leo jioni. Hivi: mketisheni, mkono wake juu ya mto mapajani. Msivute vidole, ndiyo kosa la kila mtu, ukivuta ngumi inakaza. Shikeni kifundo cha mkono na kukikunja polepole kuelekea chini, upande wa kiganja, kama mkono wa mtu anayechota maji. Kikishakunjwa, vidole vyenyewe vinalegea kidogo. Subirini. Dakika moja, mbili, mkimwongelesha habari za watu. Kisha ingizeni kidole chenu upande wa kidole chake kidogo, si katikati, na kukisogeza ndani taratibu. Maji ya uvuguvugu na sabuni, suuzeni, kausheni hadi katikati ya vidole, harufu inatoka hapo. Kateni kucha fupi na kuzilainisha kwa tupa ya kucha. Kidonda kikiwa na usaha, kituo cha afya kesho. Halafu kunjeni kipande cha kitenge kikuukuu, laini, mara nyingi hadi kiwe kinene kama kidole gumba, mkiweke ndani ya kiganja. Badilisheni asubuhi na jioni. Kitenge kipya kinachubua, tumieni kile alichobebea watoto.

Na dawa za presha ameze kila siku, hata akijisikia mzima.

*Mtoto wangu ana miezi minne, anakohoa. Bibi yake ameleta asali safi ya porini toka Kasenga, tumpe kijiko? Naomba jibu haraka.* — Mama Kijacho

Nimekujibu kwa simu siku ileile, naandika kwa ajili ya wengine. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria yuleyule wa barua ya kwanza. Tumbo la mkubwa linazishinda. La mtoto chini ya mwaka mmoja linaweza kuziacha ziote na kutoa sumu humohumo. Anaanza kwa kukosa choo, kisha kunyonya kunakuwa hafifu, shingo inalegea, kilio kinapungua. Kuchemsha asali hakuziui hizo mbegu. Mtoto anayekohoa wa miezi minne hesabu pumzi zake, mnyonyeshe, mpeleke aonwe. Asali mshukuru bibi kwa mikono miwili, na baba mtoto aiweke kwenye chai yake.